Kikao cha kwanza na mteja aliyeletwa na mwajiri: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu kikao kimoja tu, cha kwanza, kati ya kocha wa uongozi na mteja ambaye hakuomba kuja. Mimi ni msimamizi wa kitaaluma wa kocha huyo. Yeye ndiye aliyekiendesha kikao, kisha tukakipitia pamoja kwa kutumia daftari lake. Kocha na mteja wote wameridhia kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Majina hayapo, mji hautajwi, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa.

Nimekichagua kwa sababu makocha wengi wanaoanza hufika kikao cha kwanza wakiwa na swali moja mkononi: unataka kufikia lengo gani? Kwa mteja aliyetumwa na mwajiri, swali hilo halina jibu la kweli mpaka ajue kwanza maneno yake yataishia kwa nani.

Usuli

Mteja ni mwanaume aliyekwisha kuvuka miaka 55, mkuu wa idara ya operesheni katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo nchini Tanzania. Aliingia pale akiwa karani wa ghala, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Anawajua madereva wote kwa majina ya watoto wao. Anajua lori lipi linakula mafuta kuliko jingine, na mteja yupi wa kampuni hulipa kwa kusukumwa.

Kampuni ilipata mkurugenzi mtendaji mpya, mtu mdogo kwake kiumri. Katika mwaka wa kwanza wa mkurugenzi huyo, wasaidizi wawili wa mzee waliacha kazi. Walipoulizwa sababu, wote wawili walitaja jambo lile lile: huwezi kuamua lolote bila mzee, na ukiamua unafokewa mbele ya madereva. Ofisi ikaona atafutiwe kocha. Vikao vingekuwa sita na kampuni ingelipa.

Mzee alipewa barua ya mistari michache inayosema ameteuliwa kushiriki "programu ya kuboresha mtindo wa uongozi na mawasiliano". Hakuna aliyekaa naye kumweleza. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Mtu aliye katikati ya namba hizo mbili akipokea barua kama hiyo, anaisoma kwa maana moja tu: natafutiwa mlango wa kutokea.

Kocha ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mafunzo yanayofuata viwango vya ICF, chama cha kimataifa cha makocha. Kiumri angeweza kuwa binti wa mteja wake, na hilo lilikuwa na uzito wake katika kila dakika ya kikao.

Kabla ya kikao

Mazungumzo ya kwanza yalikuwa ya simu, kati ya kocha na afisa rasilimali watu. Afisa alikuwa na nia njema na haraka nyingi. Aliomba mambo mawili: kazi ianze wiki ile ile, na kila baada ya kikao kocha atume taarifa fupi ya "maendeleo ya mhusika".

La kwanza kocha alilikubali. La pili alilikataa pale pale, akataja atakachokuwa anatoa: mahudhurio, na malengo ambayo mteja mwenyewe ameridhia yatajwe. Afisa akamkumbusha kwamba kampuni ndiyo inayolipa. Kocha akamjibu kuwa kampuni inalipia mabadiliko, na mtu anayejua maneno yake yanapelekwa ofisini atakaa vikao vyote sita kwa adabu na hatasema kitu. Siku hiyo hiyo akayaweka makubaliano hayo kwenye barua pepe, afisa akajibu kwa neno moja la kukubali.

Kulikuwa na hatua nyingine iliyostahili kufanyika na haikufanyika, nayo ni kikao kifupi cha pande tatu, yaani mteja, bosi wake na kocha. Mkurugenzi alikuwa safarini. Kocha aliona aanze bila hicho, kwa hoja kwamba kila siku inayopita ndivyo mzee anavyozidi kuamini maneno ya koridoni.

Halafu kulikuwa na fomu. Kocha alimtumia mteja kwa barua pepe fomu ya maandalizi kama alivyoipata kwenye mafunzo yake: kurasa tatu za Kiingereza, zenye maswali kuhusu maadili yako makuu, na sehemu ya kujipima kwa alama 1 hadi 10 katika kila eneo la maisha. Mzee aliileta siku ya kikao ikiwa imechapishwa na kukunjwa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa amejaza jina, cheo na tarehe kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ulionyooka wa karani wa zamani. Chini ya swali la kwanza aliandika: "Nitaeleza kwa mdomo." Kurasa nyingine zilikuwa tupu.

Kampuni ilikuwa imetoa chumba cha mikutano chenye kuta za vioo, ambamo kila anayekwenda kuchukua maji angemwona mkuu wa idara amekalishwa na binti mwenye daftari. Kocha akakikataa, akakodi chumba kidogo katika jengo jingine. Alifika mapema, akavihamishia viti viwili kwenye pembe ya meza ili wasikae wakikabiliana kama kwenye usaili.

Kikao chenyewe

Kocha alisimama mzee alipoingia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Salamu zikaenda mpaka mwisho wake, za nyumbani, za watoto, za barabarani. Kocha hakuzikatisha na hakuzifanya kwa kupitia tu. Mzee akaketi, akatoa daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akasema: "Haya mwalimu, nifundishe."

Kwa sentensi hiyo mteja alikuwa amekwisha kupanga nani ni nani chumbani. Kocha angeweza kutoa mhadhara juu ya tofauti ya ukocha, ualimu, ushauri na tiba, kama makocha wengi wapya wanavyofanya, na mzee angeyaandika yote kwa utii. Badala yake alisema: "Mzee, mimi sijawahi kupakia lori hata moja. Kazi yako siwezi kukufundisha. Nitakuuliza, nitakusikiliza, na nitakurudishia ninayoyasikia ili uyatazame. Uamuzi unabaki wako."

"Sasa mtu asiyejua kazi yangu atanisaidia nini?"

Ni swali la haki, na kocha alilipokea hivyo. Hakutaja vyeti vyake wala wateja wengine aliowasaidia. Alimwambia watalijibu pamoja mwisho wa kikao, na kwamba akiona hajasaidika, yeye kocha ataiandikia ofisi kuwa hawakuafikiana kuendelea, bila kutaja sababu. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua, kuna mtu alikuwa amempa mzee nafasi ya kukataa. Akafunga kalamu yake.

Kisha akauliza swali alilokuja nalo: "Na haya nitakayosema yanaishia wapi?"

Kocha akachukua karatasi, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika "yanayotoka": umekuja au hukuja, na malengo utakayokubali mwenyewe yatajwe. Upande wa pili akaandika "yanayobaki humu": mengine yote. Chini kabisa akaweka mambo mawili yanayoweza kuvunja ukuta huo, yaani maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Halafu akafungua simu yake, akamwonyesha ile barua pepe aliyomwandikia afisa na jibu lake.

Mzee akavaa miwani. Akaisoma, akarudi juu, akaisoma tena.

"Na hilo daftari?"

Kocha akaligeuza kumwelekea. Halikuwa na jina lake wala la kampuni. Akamweleza linakofungiwa, na kwamba ni haki yake kuliomba alione wakati wowote. Hilo si hisani ya kocha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Mei 2023, inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake zinazoshikwa na mwingine, na daftari la kocha ni taarifa za mtu. Ningependa kila kocha alifikirie hili kabla hajapakia rekodi za wateja wake kwenye simu ambayo watoto nyumbani wanaijua namba ya siri.

Mzee akaikunja ile karatasi yenye mstari, akaitia mfukoni pamoja na fomu. "Basi nikwambie ukweli. Najua mnaniandaa niondoke."

Pale palihitaji ujasiri. Neno jepesi la kusema lilikuwa "hapana mzee, usiwaze hivyo". Kocha hakulisema kwa sababu hakujua kama ni kweli. Alisema: "Sijui ofisi ina mpango gani. Sikuambiwa hivyo, na nikigundua ndicho nilicholetewa, nitaiacha hii kazi. Lakini wazo hilo umekaa nalo tangu lini?"

Mzee akaongea. Aliongea kwa muda mrefu, akaanzia ghala alilolianza kazi, akaja kwa bosi wake wa kwanza, akafika kwa mkurugenzi mpya anayeita vikao kwa ujumbe wa simu. Mfumo wa GROW, uliokulia Uingereza miaka ya 1980 na ambao kozi nyingi hufundisha mapema, unaanza na lengo, ndipo hali halisi, kisha njia zilizopo, kisha azma ya kutenda. Kocha aliona kwamba kumuuliza lengo mtu aliyejaa kiasi kile ni kumnyamazisha, akaanza na hali halisi. Alikuwa anaandika maneno machache tu, na yote yalikuwa ya mzee mwenyewe: "nimeachiwa", "mimi ndiye kamba", "heshima".

Katikati ya maelezo simu ya mzee ikaita. Hakuwa ameizima na kocha hakuwa amemwomba aizime. Aliyepiga alikuwa dereva, yuko kwenye mizani, lori limezidi uzito. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kikomo cha uzito wa jumla ni tani 56, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake, kwa hiyo lori linaweza kuwa ndani ya jumla na bado likazuiwa kwa sababu mzigo umeelemea upande mmoja. Tozo si ndogo na muda unakwenda. "Usifanye lolote, nakupigia," mzee akamwambia dereva. Hajaiweka simu mezani, msaidizi wake akapiga kwa jambo lile lile. Mzee akainuka, akaenda dirishani, akatoa maagizo ya kurudisha sehemu ya mzigo nyuma, kwa sauti ambayo kocha anasema ingesikika ghorofa ya chini.

Aliporudi kwenye kiti aliomba radhi. Kocha hakugusa habari ya kuzima simu. Aliuliza: "Mzee, kama simu hiyo usingeipokea, nani mwingine angeamua?"

"Hakuna."

"Hakuna anayejua, au hakuna aliyeruhusiwa?"

Mzee akaitazama simu pale mezani. "Yule kijana anajua. Nimemfundisha mwenyewe."

"Na akiamua?"

"Akikosea, lawama ni yangu."

Tangu hapo kikao kilikuwa na kitu cha kushika. Malalamiko ya wasaidizi walioondoka, barua ya ofisi na hofu ya mzee vilikuwa vimekutana kwenye simu moja.

Palepale mzee akataja, kama jambo la kupita, kwamba simu hizo huja hata saa nane za usiku na kwamba halali vizuri. Kocha akaliuliza moja kwa moja: tangu lini, na je, amekwenda hospitali? Ikatoka kwamba ana presha, ana dawa, na siku nyingine anaziruka akiwa safarini. Kocha alimwambia hilo ni la daktari na ukocha hauwezi kulibeba, akamwuliza tarehe ya kliniki ni lini, akamwomba asiipitishe. Wakarudi kwenye mada. Halikuchukua muda, lakini kikao cha kwanza kisichouliza habari za afya na usingizi wa mtu anayefanya kazi usiku na mchana kina tundu.

Sasa palibaki swali gumu, ambalo binti hamuulizi mtu wa umri wa baba yake bila kujipanga. Kocha akaomba njia kwanza: "Mzee, nina swali ambalo kwa umri wangu si rahisi kukuuliza. Naomba ruhusa."

"Uliza mwanangu."

"Wale vijana wawili walioondoka. Ungekuwa wewe ndiye kijana wakati ule, na bosi wako ni wewe wa leo, ungekaa?"

Kikawa kimya. Kocha hakukijaza. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema: "Bosi wangu mimi aliniachia mzigo mzima niupeleke peke yangu. Nikaharibu. Akaniambia, sasa umejua, kesho peleka tena." Akanyamaza kidogo. "Mimi hawa sijawaachia."

Ndipo kocha akauliza lengo. Hakusoma kutoka kwenye barua ya ofisi. Aliuliza: "Siku utakayoagwa, iwe mwaka huu au ukifika 60, unataka uache nini pale?" Jibu lilikuja kwa sentensi moja: "Nistaafu kwa heshima, na kazi isianguke nikiondoka." Wakaichambua. Heshima utaiona kwa macho gani? Mzee akasema ataiona simu yake ikinyamaza, na vijana wake wakiamua mambo ya barabarani wenyewe na kumpa taarifa baadaye. Kocha akamwuliza kama lengo hilo linaweza kuandikwa upande wa "yanayotoka". Akakubali, akalisahihisha neno moja, likaandikwa kwa maneno yake.

Kufunga kulikwenda vizuri nusu na vibaya nusu. Vizuri, kwa sababu muhtasari aliutoa mteja. Kocha alimwuliza: "Mama akikuuliza nyumbani leo ulikuwa wapi, utamwambiaje?" Mzee akacheka: "Nitamwambia kuna mtoto kanihoji mpaka nimemwambia mambo ambayo sijamwambia yeye." Swali la mwanzo, la msaada wa mtu asiyejua kazi yake, kocha alilirudisha mezani, na mzee akasema tukutane tena. Vibaya, kwa sababu wakati ulikuwa umekwisha na hatua za kwenda kutekeleza zikatajwa kwa haraka: mzee atafanya kikao na idara nzima, atawapigia simu vijana wawili walioondoka, na atamkasimu msaidizi wake maamuzi ya mizani kwa wiki mbili. Kocha aliyaandika yote matatu. Wakakubaliana tarehe, na kwamba mawasiliano yote yatakuwa ya kupigiana simu, si barua pepe.

Maamuzi na sababu zake

Nilimwuliza kocha kwa nini aliweka usiri kabla ya lengo. Alisema hakuwa na hakika kwamba mteja anamwona yeye kama mtu tofauti na ofisi. Nadhani alisoma hali sawasawa. Kati ya stadi nane za msingi za ICF, ya tatu ni kuweka makubaliano na kuyalinda, na inataja wazi kwamba makubaliano hayo yawahusu pia wadau wengine walio nyuma ya mteja. Kwenye karatasi za mafunzo stadi hiyo inaonekana kama kazi ya kusaini fomu. Kwenye chumba hiki ilikuwa ndiyo kazi ya theluthi ya kwanza ya kikao, na ilifanyika kwa ushahidi: barua pepe iliyoonekana kwa macho, daftari lililogeuzwa, karatasi ambayo mteja aliondoka nayo mfukoni.

Kuhusu simu, makocha wenzangu tuliokijadili kisa hiki tumegawanyika. Wapo wanaosema simu izimwe, kwa sababu kikao ni cha mteja na kisiibiwe na mtu wa nje. Mimi nasimama na kocha. Mtu ambaye tatizo lake ni kwamba kila uamuzi unapita kwake, ukimzimia simu kikao cha kwanza unakuwa umelitoa tatizo nje ya mlango na kubaki mnalijadili kwa habari. Lakini nakubaliana nao kwa kikao cha pili na kuendelea, na kwa wateja ambao simu kwao ni mahali pa kujificha swali likiwa kali. Hapa simu iliita kabla swali kali halijaja, na kocha aliitumia mara moja tu.

Kuomba ruhusa kabla ya swali gumu nako kulikuwa uamuzi. Kuna shule ya ukocha inayosema kocha na mteja wako sawa, basi aulize tu. Hapa kwetu usawa wa kikazi haufuti umri, na kujifanya umeufuta kunamfanya mteja akulinde wewe na aibu yako badala ya kulitazama swali. "Naomba ruhusa" ilimpa mzee nafasi yake ya mkubwa, kisha kutoka kwenye nafasi hiyo akajibu kwa unyoofu kuliko angejibu akiwa amebanwa.

Matokeo

Kati ya hatua tatu, moja ndiyo iliyofanyika. Msaidizi alipewa maamuzi ya mizani kwa wiki mbili, kwa kikomo cha gharama alichokiweka mzee mwenyewe. Kikao cha idara hakikuitwa, na vijana walioondoka hawakupigiwa. Mteja alifika kikao cha pili akiwa na aibu, na muda mwingi wa kikao hicho ulikwenda kuiondoa.

Kikao cha pande tatu kilifanyika baada ya kikao cha pili. Mkurugenzi alisema jambo ambalo lingebadilisha kikao cha kwanza kama lingesemwa mapema: hakuwa na mpango wa kumwondoa mzee, alikuwa na hofu kwamba mzee akistaafu idara itasimama. Yaani wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja. Lengo lililoandikwa kwa maneno ya mzee lilisomwa mezani, na mkurugenzi hakuongeza neno.

Baadaye msaidizi alifanya kosa, lori likalala njiani siku nzima. Mzee alitaka kuyarudisha madaraka yote kwake. Alichosema kikao cha nne ni kwamba alikumbuka maneno ya bosi wake wa kwanza, na kijana akapewa safari nyingine kesho yake. Vikao sita vilipokwisha, mzee alikuwa amempendekeza rasmi msaidizi huyo kukaimu anapokuwa likizo, na alikuwa amechukua likizo. Sauti bado inapanda mbele ya madereva. Mkurugenzi analitaja hilo, na ni kweli.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichobeba kikao, kwa maoni yangu, ni kwamba kocha hakumpa mteja faraja asiyoweza kuithibitisha. "Sijui ofisi ina mpango gani" ilikuwa sentensi ya hatari, na ndiyo iliyomfungua mzee. Angemwambia "usiwaze", halafu mzee akapunguzwa kazi mwezi uliofuata, angekuwa amemwongopea mtu wa umri wa baba yake kwa niaba ya waliomlipa.

Fomu ilikuwa kosa tangu ilipotumwa, na kosa lake si Kiingereza peke yake. Hata ingekuwa ya Kiswahili safi, ilimtaka mtu ajipime na kujieleza kwa maandishi kwa mtu asiyemfahamu, tena akiwa anaamini maandishi hayo yataingia kwenye faili lake. Kimya cha zile kurasa kilikuwa jibu. Kocha kwa sasa hatumi fomu kwa wateja wa aina hii. Anapiga simu siku chache kabla, anajitambulisha, anauliza wameambiwa nini kuhusu vikao hivi na wao wanavielewaje, na kama kuna mahali wangependa wakutanie. Simu hiyo ingefanyika kwa mzee, lile wazo la "mnaniandaa niondoke" huenda lingejulikana kabla ya kikao.

Kuanza bila kikao cha pande tatu ni jambo ambalo mimi na kocha hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anashikilia kwamba angesubiri, mzee angeandika barua ya kukataa programu. Mimi naona kulikuwa na njia ya kati: simu ya mkurugenzi kwa mzee, hata akiwa safarini, kumwambia kwa kinywa chake kwa nini programu hii ipo. Mwajiri anayeweza kulipia vikao sita anaweza kupiga simu moja, na kocha ana haki ya kuifanya simu hiyo kuwa sharti la kuanza.

Muda ulipotea kwenye simulizi. Sehemu ya kwanza ya maelezo ya mzee ilihitajika, ila ulifika wakati akawa anarudia, na kocha anakiri alisikia kurudia huko akashindwa kumkatisha mtu mzima. Tumelifanyia mazoezi. Njia aliyoipata ni kumrudishia mteja neno lake: "Mzee, umesema wewe ndiye kamba. Naomba tukae hapo kidogo." Hiyo ni kukatisha, lakini mkatishwaji anasikia kwamba amesikilizwa. Kama angeitumia mapema, zingebaki dakika za kutosha mwishoni kwa swali ambalo halikuulizwa: katika haya matatu, lipi utalifanya hata kama wiki itakuwa mbaya? Mzee angechagua la mizani, sina shaka, kwa sababu ndilo alilolifanya bila kuulizwa. Hayo mengine mawili yangesubiri, na kikao cha pili kingeanza na mtu aliyetimiza ahadi yake.

Kuwapigia vijana walioondoka, hasa, hakukupaswa kuandikwa siku ile. Lilikuwa neno la mtu aliyetoka kuguswa, na kocha alipaswa kulipokea kama hisia na kuliacha. Mzee alimpigia mmoja wao baada ya kikao cha tano, kwa hiari yake. Walichoongea hakukisema, na kocha hakuuliza.